Mtawala Akituhumiwa Hongo: Hatua Sita za Kutoka na Pensheni

Mwongozo huu ni wa mtawala wa koloni aliyeambiwa mbele ya wenzake kwamba amekula mlungula. Hakuna hatua niliyoibuni. Zote zilipitiwa Bengal na London kati ya 1772 na 1795, katika mkasa wa Warren Hastings, Gavana Mkuu wa kwanza wa Bengal chini ya Kampuni ya Mashariki ya India ya Waingereza. Nauandika kwa hasira, na nataka mwananchi ausome kabla ya mtawala.

1. Iite takrima. Mwaka 1772 Hastings alizuru Murshidabad, makao ya nawabu, mtawala wa jadi wa Bengal aliyekuwa bado chini ya ulezi, na Munni Begum, mama yake wa kambo, akapewa ulezi huo. Begum akatoa rupia 150,000. Upande wa Hastings haukukana kwamba fedha hizo zilipokelewa. Ulisema zilikuwa za kumkirimu mgeni, kama desturi ilivyotaka. Lakini tangu 1765 maofisa wa Kampuni walikuwa wamefungwa na mikataba ya kutopokea zawadi. Basi usiseme umepewa fedha. Sema umekirimiwa.

2. Vunja kikao. Machi 1775 Nandakumar, mtumishi mkongwe wa serikali ya nawabu, alipeleka barua kwenye Baraza Kuu lililotawala Bengal, kupitia mjumbe Philip Francis. Alidai Hastings amekula zaidi ya rupia 350,000 kwa kugawa vyeo. Tarehe 13 wajumbe watatu kati ya watano walitaka aitwe atoe ushahidi. Hastings akasema hawezi kukalia kiti cha mwenyekiti huku akishtakiwa na mtu kama yule. Akatangaza kikao kimevunjika, akatoka. Wale watatu walibaki, wakamsikiliza shahidi, wakaamua fedha zirudishwe kwa Kampuni. Hastings hakukitambua kikao wala uamuzi wake.

3. Mchunguze mshtaki. Nandakumar hakuwa malaika. Fitina za ikulu alizijua vizuri. Tarehe 6 Mei alikamatwa kwa madai ya kughushi hati ya deni la miaka ya nyuma, jambo lisilohusiana kabisa na hongo aliyoiripoti. Hastings aliapa kwamba hakuwa na mkono katika kesi hiyo, na wanahistoria wanabishana mpaka leo. Kwangu mimi kalenda inatosha: Machi alitoa ushahidi, Mei akawa rumande. Mji mzima ukaacha kuuliza rupia zilikwenda wapi, ukabaki kuuliza Nandakumar ni mtu wa namna gani.

4. Uwe umesoma na hakimu. Jaji Mkuu Elijah Impey, aliyeisikiliza kesi hiyo ya kughushi, alisoma na Hastings katika shule ya Westminster. Mahakama yenyewe ilianza kazi 1774, baada ya tarehe ya kosa lililodaiwa. Sheria iliyotumika ilitungwa Uingereza. Desturi za Bengal hazikuwa zikimnyonga mtu kwa kughushi. Kesi ilianza tarehe 8 Juni, na kufikia tarehe 16 mshtakiwa alikwisha kutiwa hatiani. Jioni ya mwisho ya maisha yake, mlinzi wa gereza alimwambia sherifu kwamba mfungwa alikuwa akiandika barua fupi na kupitia hesabu zake kama siku nyingine yoyote. Tarehe 5 Agosti alibebwa kwa machela mpaka kwenye kitanzi. Nani tena Bengal nzima angethubutu kwenda kuripoti hongo?

5. Choma karatasi. Kabla ya kufa, Nandakumar aliliandikia Baraza ombi. Jenerali Clavering, mmoja wa wale wajumbe watatu, alilipokea na kukaa nalo mpaka mwandishi wake alipokwisha kunyongwa. Liliposomwa ilionekana linawatuhumu majaji, na Baraza likaamuru lichomwe moto na mnyongaji. Hoja ya kulichoma ilitolewa na Francis, yule yule aliyeipokea barua ya Machi. Jambo hili linaniuma kuliko kitanzi chenyewe. Wapinzani wa Hastings waliutaka ushahidi wa mtu huyu. Uhai wake haukuwahusu.

6. Acha kesi izeeke. Mbunge Edmund Burke aliipigania kesi dhidi ya Hastings bungeni London kwa miaka, na tarehe 13 Februari 1788 Hastings akasimama mbele ya Baraza la Mabwana la Uingereza katika ukumbi wa Westminster. Mwanzoni tiketi za kuingia ziligombewa. Hukumu ilitoka tarehe 23 Aprili 1795, mabwana 29 tu wakapiga kura, naye akaachiwa huru. Mawakili walikuwa wamemmaliza kwa gharama, lakini Kampuni ikamfuta machozi kwa pensheni ya pauni 4,000 kila mwaka.

Katika hatua zote sita, mwenye fedha hakuitwa. Nawabu aliishi kwa posho iliyotokana na kodi ya ardhi, na kodi hiyo ililipwa na wakulima waliokuwa wametoka kwenye njaa ya 1769 na 1770. Hastings mwenyewe aliandika 1772 kwamba angalau theluthi moja ya wakazi walikufa, na kwamba hata hivyo makusanyo ya 1771 yalizidi yale ya 1768. Hata Baraza lilipoamua fedha zirudi, liliamua zirudi kwa Kampuni. Mkulima aliyezika wanawe hakutajwa kama mdai.

Kwa hiyo, mwananchi, tume ikitangazwa usishangilie mapema. Uliza shahidi atalala wapi usiku wa leo, na nani atamlinda. Uliza hakimu ameteuliwa na nani. Kisha uliza fedha zikipatikana zitarudi kwa nani, na ukae na swali hilo mpaka lijibiwe kwa maandishi. Tume inayojua kila kitu kuhusu mshtaki na haimjui aliyeibiwa haistahili imani yako, hata ikae miaka saba.