Nimelipa Bili kwa Siri Yangu

Nyumbani kwangu Magamba tuko wanane: mimi, mke wangu, watoto watano, na mpwa wangu anayesoma chuo Mpanda mjini ambaye kila Ijumaa huja kukagua masufuria. Kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka na ilibeba watu sita. Wanane hawaingii kwenye sita hata uwakunje. Mpwa amevuka miaka 18, huyo alijitoa mwenyewe. Akabaki mtu mmoja wa kukatwa, na kikao chote cha familia kikanitazama mimi.

"Wewe baba Zawadi huumwi," alisema mke wangu. "Tangu unioe sijakuona umelala kwa ugonjwa. Ukilala ni uvivu tu."

Nikakubali kwa kiburi. Mke wangu akaandikishwa mkuu wa kaya. Hivyo ndivyo nilivyopinduliwa katika nyumba yangu mwenyewe, kwa risiti, bila risasi.

Haikupita miezi mitatu nikapata bawasiri.

Asiyeijua bawasiri amshukuru Mungu wala asiombe maelezo. Niseme tu kwamba kutoka Magamba hadi mjini nilipanda bodaboda nikiwa nimesimama, kama mbunge anayeshukuru wapiga kura.

Kituo nilichokwenda sikitaji, maana huenda nikakirudia. Binti wa mapokezi alikaa nyuma ya kioo kinene chenye tundu dogo la kupitishia fedha.

"Unasumbuliwa na nini, baba?"

Nikainama kwenye tundu, nikanong'ona.

"Sisikii!"

Nikanong'ona tena.

"Aaa, BAWASIRI!"

Benchi zima likageuka. Mama mmoja wa mtaani kwetu, anayeuza maandazi na habari, akanipa pole kwa sauti ya msibani. Nikamwambia binti kwamba jambo lile lilikuwa siri yangu. Akanijibu bila kuinua macho, "Baba, mficha maradhi kifo humuumbua."

Nimeitafakari sana methali hiyo. Wazee wetu walitaka maradhi aambiwe mganga. Sidhani kama kuna mzee aliyekusudia iambiwe foleni.

Basi nikajipa moyo kwamba mahali penye sauti kubwa hivi hata bei watanitangazia. Wapi! Hapo ndipo usiri ulipoanza. Nilipewa karatasi yenye kontroo namba na mistari mitano: kumwona daktari, kipimo, dawa, glavu, na Mengineyo. Jumla 38,500. Kadi ya mwaka mzima, ya watu sita, ilikuwa 30,000. Mimi peke yangu, asubuhi moja, nilikuwa nimeizidi.

"Mengineyo ndiyo nini?" niliuliza dirisha la malipo. Wakanituma dirisha la dawa. Dirisha la dawa wakanituma maabara. Maabara wakasema nimuulize mhasibu, na mhasibu alikuwa ameenda kula. Ugonjwa wangu ulishajulikana na watu arobaini ambao hawakuuliza. Bei niliyoiuliza mimi haikuwa na anayeijua. Mfukoni nilikuwa na 15,000. Nikaonwa, nikapimwa, na dawa nikaziacha dirishani zikinisubiri nilete 23,500.

Jioni nikaenda kijiweni, nikanywa kahawa kwa kusimama. Pale tuna mwanasheria wetu. Hakusomea; ameshtakiwa mara tatu, na mara ya pili alishinda. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, niombe Mungu nisije nikalazwa, maana asiyelipa hafunguliwi geti. La pili, niwashtaki wale wa dirishani kwa kunitangaza, nidai milioni kumi, yeye achukue theluthi.

Bahati nzuri ilikuwa Ijumaa. Mpwa wangu akatoa simu.

"Mjomba, hilo la kuzuiwa lina hukumu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema kuwazuia kina mama wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya deni ni kuvunja haki zao."

"Nairobi!" mwanasheria akacheka. "Hukumu ya Nairobi hadi ipande treni, ipite Tabora, ipite Kaliua, ifike Mpanda, itakuwa imechoka, haijui hata iliamua nini."

"Basi la pili ni la hapa hapa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Afya ya mtu imo kwenye taarifa nyeti, haitolewi ovyo. Na ipo Tume ya kupokea malalamiko."

Taarifa nyeti! Za sehemu nyeti! Sikuwahi kudhani kwamba kero yangu ina hadhi kubwa hivyo serikalini. Usiku ule nililala kifudifudi, kama kawaida ya siku zile, lakini nililala kama mtu mwenye haki.

Asubuhi nikaenda stationery mjini kuchapisha barua ya malalamiko kwa Tume. Kijana wa kompyuta huchapa kwa vidole viwili, na kila neno hulisoma kwanza kwa sauti ili asikosee. "YAH: KUTANGAZWA KWA BAWASIRI YANGU." Nyuma yangu palikuwa na foleni ya wanafunzi wanaotoa nakala za vyeti. "Mzee," kijana akaniuliza, "bawasiri mwishoni ni ri au li?" Foleni ikagawanyika, wengine ri, wengine li.

Mwanasheria wa kijiwe akasisitiza kwamba barua isiyo na muhuri wa mtaa hakuna ofisi itakayoisoma. Nikampelekea mwenyekiti. Akavaa miwani, akaisoma yote, akasikitika kweli kweli, akagonga muhuri. Kisha, kwa moyo wake mweupe, akaandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: "Ndugu wananchi, mwenzetu ameshikwa na bawasiri na dawa zimemshinda bei. Tumchangie kwa namba hii."

Nilipofika nyumbani simu ilikuwa inalia kama nyenje. Wachimbaji wa dhahabu walituma 10,000 na utani ambao siwezi kuuandika hapa. Mama wa maandazi alituma 2,000 na jina la mti. Mmoja alileta asali, mwingine karai la kukalia maji ya vuguvugu. Hadi saa mbili usiku zilikuwa zimefika 41,000.

Mpwa wangu akaikunja ile barua. "Mjomba, sasa tunamlalamikia nani? Binti aliyeanza kutangaza, au mwenyekiti aliyemalizia, na tangazo lake ndilo limekulipia dawa?"

Sikuwa na jibu. Mwanasheria yeye alikuwa nalo: alitaka theluthi ya 41,000.

Jirani yangu mmoja ni mwalimu. Hukatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), na mwajiri huongeza 3 nyingine. Anakwenda hospitali, anaonyesha kadi, anarudi, na mpaka leo mtaa mzima haujui anaumwa nini. Tulimsikia mara moja tu, Machi 2024, hospitali nyingi za binafsi ziliposusa kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa ugomvi wa kitita kipya cha mafao. Hata siku hiyo alilalamikia bei. Ugonjwa hakuutaja.

Sisi wengine hatuna la kuficha kwa sababu hatuna cha kulipia. Tangu serikali ilipoanza utaratibu wa kuchangia matibabu mwaka 1993, asiye na fedha wala kadi amekuwa akiwaeleza watu mwili wake, kiungo kwa kiungo, mpaka pochi zifunguke. Sheria inazilinda taarifa zangu za afya kama mali yangu. Ni kweli, na kama mali yoyote ya maskini, shida ilipokuja ndiyo iliyouzwa kwanza. Bunge limekwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, tangu Novemba 2023. Siku itakapotufikia wote sawasawa, hata Magamba tutaanza kuwa na siri.

Mimi nimetangulia. Baada ya kulipia dawa zilibaki 17,500. Nimeongeza 12,500 zangu, nimekata kadi nyingine. Kaya ina mtu mmoja, na mkuu wake ni mimi.

Kwako binti wa dirishani ombi langu ni dogo: ugonjwa uandike kimya kimya, bei ndiyo uipigie kelele, pamoja na hayo Mengineyo. Nawe msomaji, ukipita Magamba ukaniona nimekalia mto wa sponji, nisalimie upite. Usiulize. Hiyo ni taarifa nyeti.