Bomba la Hewa Baridi

Asubuhi ya leo bajaji imenipita kwenye mlima wa kwenda Chuo Kikuu cha Dodoma. Ilikuwa imepakia wanafunzi, godoro na mtungi wa gesi, na yule aliyekumbatia godoro akapata wasaa wa kuniinamia dirishani na kuuliza kwa adabu zake zote, "Shikamoo mzee, tukuvute?" Nikaitika marahaba. Ningesema nini zaidi, nami nimekaa ndani ya Subaru Forester yenye tabo, imezimika katikati ya barabara, imejifunika moshi wake yenyewe?

Chanzo ni bomba. Ni bomba la kung'aa, lina filta nyekundu mwishoni, na Dar es Salaam linauzwa kwa sifa ya kuipa injini hewa baridi. Hoja yenyewe ni ya kweli: hewa baridi ni nzito, ina oksijeni nyingi kwenye nafasi ileile, na injini ikipata oksijeni zaidi huunguza petroli zaidi. Sisi wa Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni pungufu ya ile ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10. Tukisikia mahali hewa inauzwa, lazima tuulize bei.

Lakini tabo iliwekwa kwa kazi hiyohiyo. Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905, baada ya kuona moshi wa injini unatoka na nguvu zake bure. Moshi huo unazungusha gurudumu la mapanga, na kwenye shafti hiyohiyo, upande wa pili, mapanga mengine yanashindilia hewa injini ipende isipende. Shafti inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea kwenye utando mwembamba wa oili. Nikiwaza hilo nasahau hata deni la fundi. Ubaya wake, hewa ikishindiliwa hupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyounguza kiganja. Kwa hiyo kuna intakula ya kuipoza, na ile pua ya juu ya boneti, ambayo vijiweni watu wanaapa ndiyo injini inavutia hewa, kazi yake ni kuipulizia intakula upepo. Injini yenyewe inavuta kupitia sanduku la ea klina, lenye mdomo mbele kabisa, mbali na joto. Yaani hewa baridi ililetwa na gari kutoka Japani. Fundi aliyenifungia bomba akalitoa sanduku, akaiacha filta mpya uchi ndani ya boneti, jirani na injini inayotokota.

Na bado hatujafika kwenye sensa. Ndani ya njia ya hewa kuna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, kompyuta inaongeza umeme, na kwa kiasi kilichoongezwa inajua hewa kiasi gani imeingia, ndipo inapima petroli. Sasa ukiachia mafuta ghafla, mlango wa hewa unafunga huku tabo ingali inasukuma. Kuna vali inayoirudisha hewa hiyo kwenye bomba, baada ya sensa, isihesabiwe upya. Bomba langu jipya halina tundu la kuirudishia. Fundi akaacha hosi inaning'inia, na kila nikiachia mafuta inatoka "pshaaa!" Vijana wa gereji walishangilia. Kompyuta haikushangilia: hewa imeshahesabiwa, petroli yake imeshamwagwa, na hewa yenyewe imekwenda zake mtaani Kisasa. Leo mlimani lori likanikata, nikaachia mafuta. Pshaaa, moshi mweusi, kimya.

Trafiki alishanisimamisha kwa moshi huo. Mama mkwe aliuliza kama gari lina pumu. Kwenye filta tulimkuta panzi, mzima.

Yote hayo nilicheka. Sicheki nikisoma boksi lililoandikwa kwamba bomba linaingia gari lolote, wala risiti iliyogongwa mhuri kuwa mali ikishauzwa hairudishwi. Muuzaji anajua linakwenda Dodoma, na vumbi la Dodoma analijua. Vumbi likipenya filta linasaga mapanga ya tabo, na tabo ya kubadilisha ni mtumba usio na dhamana. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 na Subaru Impreza, gari lake lilivuta hewa kwa bomba lililopandishwa kando ya kioo cha mbele, juu ya maji na vumbi. Langu limeshushwa kwenye joto, na kwa bei ya kutisha, ili nikimbie kwenye mji wenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa na askari mwenye tochi chini ya kila mwarobaini.

Mchana huu fundi mwingine amerudisha sanduku la kiwandani na kufunga hosi yake. Gari linapanda mlima. Bomba linauzwa. Anayelitaka aje na gari lisilo na tabo, na asiwe mkazi wa Dodoma.