Jinsi ya Kukimbia Kilimanjaro Bila Kufukuzwa

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa majina. Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi tangu 2003, haikupandishi mlimani. Inakuzungusha barabarani, na mlima unautazama kwa mbali, mawingu yakikubali. Wengi wamerudi mkoani Mara na medali yake wakasema "nimekimbia Kilimanjaro", na hakuna aliyewahi kuwauliza zaidi. Njia rahisi ndiyo hiyo. Mwenye akili huishia hapo.

Hujaishia. Haya, tuendelee.

Unachotaka wewe ni kuingia kwa lango la Umbwe, kupasua msitu, kufika kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895, kisha kuteremkia lango la Mweka, yote kwa mkupuo mmoja bila kulala njiani. Watu wa kawaida hupanda na kushuka mlima huu kwa siku tano, sita au zaidi. Karl Egloff wa Ecuador alimaliza Agosti 2014 kwa saa 6, dakika 42 na sekunde 24. Simon Mtuy, mwenyeji wa Marangu, mwaka 2006 alitumia saa 9 na ushei, akiwa amejibebea chakula na maji. Takwimu hizi zisome mara moja uzisahau. Hazikuhusu.

Pili, mazoezi. Nyansurura, huko Mara kwa Wakurya, ina kila kitu: vilima, vumbi, mteremko wa mawe, na shangazi atakayekuhakikishia kwamba miguu yako imeumbwa kukimbiza ng'ombe. Tatizo ni majirani. Mtu anayekimbia alfajiri, taa kichwani na begi mgongoni, katika nchi inayojua wizi wa mifugo, ameshajieleza vibaya kabla hajafungua kinywa. Likipigwa yowe, hakuna atakayekuuliza unafanya mazoezi ya mbio gani. Kwa hiyo punguza mwendo kila unapokaribia boma. Salimia kwa sauti. Taja jina la baba yako, na la babu ukilikumbuka.

Utakutana na mzee. Atakuuliza, "Mura, nani anakufukuza?" Usijibu "hakuna, tata", maana atamtuma mtoto akamwite mama yako. Ukisema ni michezo, atauliza wanalipa kiasi gani, na hapo ndipo pagumu. Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, yeye na Mjerumani wakimaliza kwa muda uleule hadi ikabidi picha iamue, mzee alielewa: kuna medali, kuna bendera, kuna fedha. Wewe ndiye unayelipa. Unalipia hifadhi, unamlipa mwongozaji, unawalipa wapagazi, unalipia viatu. Mwambie unakwenda dukani. Usisahau kurudi na sukari.

Tatu, vifaa. Nunua koti lisilopitisha mvua, taa mbili za kichwani (ya pili ni ya kutafutia ya kwanza), filimbi, blanketi jembamba la kung'aa kama karatasi ya kufungia nyama choma, na vipakiti vya jeli tamu vinavyouzwa kwa bei ya kuku. Mkurya ana fimbo moja na inamtosha maisha yake yote. Wewe utanunua mbili, nyepesi, zinazokunjika. Zikunjue hadharani siku moja tu, Moshi, ambako hawakujui.

Nne, mwongozaji. Hifadhi haikuruhusu kupanda bila mwongozaji aliyesajiliwa. Maana yake ni kwamba ushujaa wako wote utatazamwa kwa karibu na mtu aliyefika Uhuru mara nyingi kuliko wewe ulivyofika Musoma. Atakuambia "pole pole". Utadhani anawaambia wageni wengine.

Sasa msitu. Njia ya Umbwe inapanda kwenye mgongo mwembamba, bonde huku na bonde kule, na haipotezi muda kwa kona. Mahali pengine ngazi ni mizizi, na ulichoshikilia ni mizizi pia. Miti ya mikulo ya zamani imesimama na ukungu wake, mbega wanakutazama kutoka juu bila haraka. Katika bonde moja la mlima huu watafiti waliupima mkukusu wenye urefu wa mita 81.5, mrefu kuliko mti wowote wa asili uliowahi kupimwa Afrika, wakautangaza mwaka 2016. Ni jambo la kujivunia. Usiinue kichwa kutafuta mwingine. Anayekimbia Umbwe huifahamu misitu ya Kilimanjaro kwa mizizi tu, na huifahamu kwa goti.

Hapa pana sheria ambazo hazijaandikwa popote na kila mtu anazitii. Kilima kikianza, hakuna anayekimbia, mabingwa pia. Lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutembea. Subiri wa mbele yako atembee, kisha tembea kana kwamba ulipanga hivyo tangu nyumbani. Ukisimama kupumua, jifanye unafunga kamba ya kiatu. Ukianguka, sema "niko sawa" kabla hujafika chini. Na usimuulize mtu wa huko bado umbali gani, kwa sababu atakujibu "hapo tu". "Hapo tu" ni kipimo halali. Kwa mwenyeji ni robo saa. Kwako muda haujapimwa.

Kuhusu wapagazi. Wenyewe huitana wagumu, na jina hilo hawakupewa na kamati. Utakuwa umeinama, mikono magotini, ukimeza jeli, na mgumu atakupita na mzigo wa kilo 20, mara nyingi kichwani, akipiga soga na mwenzake wa nyuma. Kwenye ukuta wa Barranco, unaopandwa kwa mikono na miguu, pana mahali itabidi ukumbatie jiwe huku nyuma yako hakuna kitu. Mgumu anapita hapohapo na meza, viti na mtungi wa gesi. Atakuambia "pole, kaka". Mpishe njia. Anawahi kupika chakula cha mtu aliyelala hadi saa moja asubuhi, na hiyo ni kazi. Hana filimbi. Usimwonyeshe yako.

Utashawishika kukwepa ukuta kwa kukatiza njia ya Western Breach, maana kwenye ramani inaonekana fupi. Januari 2006 mawe yaliporomoka huko yakaua wapandaji watatu kutoka Marekani, na njia ikafungwa kwa muda. Hapa sitanii: pitia kambi ya Barafu.

Juu ya Barafu kinachobaki ni kokoto, baridi na kichwa chako. Uhuru ina takriban nusu ya hewa uliyoizoea ufukweni. Mwongozaji atauliza, "Kichwa vipi?" na sheria ya mlima inataka ujibu "kidogo tu", hata kama umemwita kwa jina la mjomba wako. Atakutia kidude kidoleni kupima oksijeni. Wajanja huvuta pumzi ndefu kabla ya kutoa kidole. Waongozaji wanaujua ujanja huo, kwa hiyo husubiri. Waliovunja rekodi walikaa mlimani kwanza siku nyingi ili mwili uzoee, jambo ambalo wewe huliweki kwenye ratiba kwa sababu uliomba ruhusa ya siku nne kazini.

Mwongozaji atakugeuza. Hatakugombeza, atasema "tushuke kidogo", na neno "kidogo" hapo ni ndugu wa "hapo tu". Kushuka hadi Mweka ndiko kunakomaliza watu: mapaja yanatetemeka, kucha za vidole vya miguu zinageuka nyeusi, na wagumu wanakupita tena, safari hii wakiteremka mbio, kwa sababu wamemaliza kazi na wanawahi nyumbani. Hao ndio wakimbiaji wa msitu uliokuja kuwatafuta.

Watu wa nyumbani waambie kilichokurudisha ni goti. Wote husema goti, na hakuna anayeomba kuliona.

Langoni Mweka kuna daftari. Unaandika jina, umri, kazi yako, na mahali ulipofika. Vyeti hupewa waliofika ukingo wa kreta au Uhuru, kwa hiyo hapo dirishani usipange foleni. Andika mahali ulipofika bila kuongeza mita, kwa kuwa mwongozaji amesimama nyuma yako na anajua kusoma. Na kwenye safu ya kazi, tafadhali, usiandike "mkimbiaji".