Mtu wa Vijiti Kwenye Depo ya Butembo

UML ni lugha ya michoro inayotumika kupanga programu ya kompyuta kabla haijaandikwa. Ilizaliwa Marekani katika kampuni ya Rational, ambako Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson, kila mmoja akiwa na michoro yake na wafuasi wake, waliamua kuunganisha kazi zao. Mwaka 1997 shirika la OMG likaipitisha rasmi. Toleo la 2.5 lina aina 14 za michoro. Kwenye miji ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, zinazoonekana mara nyingi ni ya matumizi, ya klasi, ya mfuatano na, direkta wa kazi ya mwanafunzi akikaza kamba, ya hali. Nyingine hutajwa kwenye ukurasa wa nadharia, zikiheshimiwa kama wazee wasiotembelewa na mtu.

Mlango wa lugha hii ni kazi ya mwisho wa masomo, iliyojulikana kwa miaka mingi kwa herufi tatu, TFC. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilifunguliwa Butembo mwaka 1989, kwa hiyo mji huu ulikuwa na wanafunzi kabla UML haijakuwepo. Kichwa cha kazi hakibadiliki sana: kuweka mfumo wa kompyuta wa kusimamia stoki kwenye duka au depo fulani. Wafanyabiashara wa Butembo huagiza vitenge, pikipiki na vipuri kutoka Dubai na Guangzhou, hivyo stoki za kusimamia hazikosekani. Kinachokosekana ni mwenye mali aliye tayari kutaja idadi yake mbele ya kijana mwenye daftari.

Mchoro wa matumizi ndio huchorwa kwanza. Mstatili ndio mfumo. Nje yake husimama mtu wa vijiti, kichwa duara, mikono imenyooka, hana uso. Ndani huwekwa duaradufu zenye vitenzi: kuuza, kuingiza bidhaa, kutoa faktira. Wazo hilo Jacobson alilikuza akiwa Ericsson, Sweden, kwenye mitambo ya simu, na mtambo wa simu una fadhila moja: anayepiga ama ana namba, ama hana. Depo haina bahati hiyo. Mwenye mali akionyeshwa Mteja na Muuzaji, swali lake la kwanza huwa la aina hii: "Mwanangu, na shemeji yangu mulimuweka wapi?" Shemeji huyo huchukua katoni mbili asubuhi, hatoi pesa, hapewi faktira, na jioni hurudisha moja na nusu. Si mteja, si mfanyakazi, wala haifai kumwita mwizi. UML haikatazi kumchorea vijiti vyake. Shida ni juri ya kusikiliza utetezi wa kazi, itakayouliza anafanya nini hasa ndani ya mfumo, naye shemeji amekaa kiti cha mbele na suti yake, maana ndiye aliyempeleka mwanafunzi kwenye hiyo depo.

Kisha kila duaradufu huunganishwa kwa mshale wa vistari na nyingine iitwayo kuingiza neno la siri. Neno lenyewe ni moja kwa wafanyakazi wote, na limeandikwa kwa kalamu kwenye plasta iliyobandikwa juu ya skrini. Mishale hiyo iko ya aina mbili na huelekea kinyume: wa kujumuisha hutoka kwenye tendo kuu kwenda kwenye dogo, wa kuongeza hutoka kwenye dogo kwenda kwenye kuu. Anayegeuza wa pili, kati ya kuuza na kupunguza bei, amesema kwamba kazi kuu ya depo ni kupunguza bei, na kuuza hutokea mara moja moja humo humo. Wateja wa Butembo wangeutia saini mchoro huo bila kuusoma.

Balaa kubwa zaidi liko kwenye mchoro wa klasi, na chanzo chake ni Ufaransa. Vyuo vya Kongo vingi hufundisha kwa Kifaransa, na kabla ya UML mwanafunzi hupitia Merise, mbinu ya miaka ya 1970 iliyokuzwa na Hubert Tardieu na wenzake. Mbinu zote mbili huunganisha visanduku kwa mistari na kuandika idadi kwenye ncha, ila Merise huiandika karibu na kisanduku kinachozungumziwa, na UML huiweka ncha ya ng'ambo. Kwa Merise, 0,n karibu na Mteja maana yake anaweza kuwa na faktira nyingi au asiwe nayo hata moja. 1,1 karibu na Faktira maana yake ina mteja mmoja tu. Anayenakili tarakimu hizo kwenye UML bila kuzivusha amechora mji wa ajabu: kila mteja ana faktira moja maishani mwake, na kila faktira ina umati wa wateja, au haina mwenyewe. Programu ikiandikwa kwa uaminifu, mama anayerudi wiki ya pili kununua mafuta ataambiwa na kompyuta kwamba zamu yake ilikwisha.

Kosa hilo lina utetezi, japo wa nusu. Wafanyabiashara wa Butembo wana desturi ya kuchanga pesa na kujaza kontena moja pamoja, kwa hiyo faktira yenye wateja wengi ipo kweli, na mchoro uliosahihishwa na mwalimu ndio usioweza kuigawa.

Ukishapona tarakimu, kuna almasi zinazochorwa kwenye ncha za mistari. Nyeusi husema sehemu hufa pamoja na kitu chake kizima. Nyeupe husema hubaki hai. Kwenye kibanda cha fotokopi wino ukiwa umekwisha, nyeusi hutoka nyeupe, na mistari ya faktira iliyofutwa hubaki ikielea bila faktira. Mchoro wa kalamu nyuma ya faktira ya zamani hauna maradhi haya, na mtunza depo huusahihisha papo hapo. Juri hata hivyo hupenda wa programu ya PowerAMC, wenye rangi.

Mchoro wa mfuatano husomwa toka juu kwenda chini: mshale mzima wa kutuma, na sentimita moja chini yake wa vistari unaorudisha jibu. Kati ya "lori limetoka Kasindi" na "lori limefika Butembo", sentimita hiyo ina forodha, barabara ya taifa namba 4 hadi Beni, mvua, saa ambayo hairuhusiwi kutembea, kisha namba 2 iliyobaki. Meneja hujibiwa kwa simu na dereva, ambaye hakuchorwa.

Mchoro wa hali hutumiwa mara chache, ingawa ndio unaoifaa zaidi biashara ya huku, kwa sababu hufuata kitu kimoja toka kuzaliwa hadi mwisho wake. Noti ya dola ingetosha kuwa mfano. Huanza kwenye nukta nyeusi ikiwa mpya, hupita hali ya kukunjika bila tatizo, halafu pembeni hutokea mpasuko mdogo kama ukucha, na toka hapo muuza duka huikataa. Mshale mmoja huipeleka kwa mbadilisha pesa, anayeipokea kwa thamani pungufu. Mshale mwingine huirudisha sokoni, na sharti lake huandikwa kwenye mabano ya mraba, kama UML inavyotaka: [giza limeingia].