Usiku wa Kuamkia Ukaguzi

Wahusika:
KUFULI, mlinzi wa tranka, wa shaba, masikio makubwa.
MWONGOZO, kitabu cha maelezo ya mtihani, jalada la bluu linalong'aa.
BIBI ABASIA, nakala ya mtumba ya Northanger Abbey ya Jane Austen. Mchapishaji wa siku hizi amemchorea jaladani binti mwenye mabega wazi na kijana anayemnong'oneza shingoni.
ROSA, riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, yenye muhuri wa maktaba ya shule.
KEMIA, riwaya ya mapenzi ya Mills & Boon. Jalada lilishachanika, amevishwa khaki iliyoandikwa kwa kalamu nene: "Kemia, Kidato cha Tatu".
MENDE, mpangaji asiyelipa kodi.

(Bweni la wasichana, saa nne usiku. Taa zimezimwa. Tuko ndani ya tranka la bati, chini ya kitanda cha dabo deka.)

KUFULI: Jamani, amkeni. Nimemsikia matroni koridoni. Kesho kabla ya chai ni ukaguzi wa matranka. Wanatafuta simu, vipodozi na vitabu vinavyoharibu mabinti.

MWONGOZO: Afadhali! Nimesema siku nyingi, tranka hili limegeuka kijiwe. Naomba kesho niwekwe juu kabisa, jalada likitazama mlango. Matroni akiniona mimi hatakuwa na haja ya kuchimba zaidi.

MENDE: Mwalimu, mimi humu nimeonja gundi ya kila mmoja. Wewe peke yako ndiye ambaye sijakuta hata alama ya kidole kurasani.

MWONGOZO: Usafi ni heshima.

MENDE: Sahani isiyoliwa nayo ni safi, Mwalimu.

ABASIA: Wajukuu zangu, punguzeni sauti. Shida si Mwalimu, wala si mimi. Shida ni huyu aliyejificha kwenye khaki. Toka lini kitabu cha jina langu kikalala ubavu kwa ubavu na hadithi ya daktari mrefu na nesi wa kuzimiazimia?

KEMIA: Shikamoo, Bibi.

ABASIA: Marahaba. Shikamoo haifuti aibu.

KEMIA: Daktari ni toleo jingine, Bibi. Mimi ni lile la tajiri wa Kigiriki mwenye meli.

MWONGOZO: Tofauti yake?

KEMIA: Bahari. Sikatai, Mheshimiwa, ukoo wetu tunafanana sura. Lakini hatukuanza hivi. Mwaka 1908 Gerald Mills na Charles Boon walipofungua kampuni yao London walichapisha kila aina ya kitabu; hata Jack London na P. G. Wodehouse walipita mlangoni kwetu. Ilipofika miaka ya 1930 ndipo wakubwa wakagundua pesa inalala kwenye mapenzi. Tangu hapo tunazaliwa kwa wingi na kufa kwa wingi. Waingereza walipojenga barabara ya M6 Toll, iliyofunguliwa mwaka 2003, walisaga nakala kama milioni 2.5 za ndugu zangu wakazichanganya na lami. Malori yanapita juu yao mpaka leo.

ABASIA: Sisi tuko makabatini, nyie mko chini ya magurudumu. Mwenye akili na ajifunze.

KEMIA: Nimejifunza, Bibi. Wa kabatini kazi yake kutazamwa, wa barabarani kabeba mzigo.

ROSA: Hapo umepatikana, Bibi.

ABASIA: Wewe Rosa nyamaza. Huyu mtoto hana hata kurasa za mwisho!

KEMIA: Ni kweli. Tulikuwa na foleni ya wasichana tisa, ikabidi nichanwe vipande vitatu ili wasome kwa zamu. Mwisho wangu uko Kidato cha Nne. Mpaka sasa sijui kama niliolewa.

MWONGOZO: Mliolewa. Siku zote mnaolewa. Ndiyo maana hamtungiwi maswali.

MENDE: Bibi Abasia, kwa adabu zote, wiki iliyopita nilifanya makazi kwenye sura yako ya tano na ya sita. Yule binti yako, Catherine Morland, ana umri gani?

ABASIA: Kumi na saba.

MENDE: Huyu wetu, mwenye tranka, ana kumi na sita. Na huyo wako anasoma nini?

ABASIA: Anasoma... fasihi.

MENDE: Anasoma The Mysteries of Udolpho ya Ann Radcliffe, ya mwaka 1794. Juzuu nne za ngome za giza, majambazi, na kitu cha kutisha nyuma ya pazia jeusi. Binti anasema angetamani akisome maisha yake yote. Na rafiki yake Isabella ameshamwandalia orodha ya vingine vya namna hiyo hiyo, na kabla ya kuvipokea anataka kwanza ahakikishiwe kama vyote vinatisha.

ROSA: Nyani haoni kundule.

MENDE: Bado. Kwenye sura hiyo ya tano, mwandishi wako anasimamisha hadithi na kuwafokea waandishi wenzake wanaokula kwa riwaya, halafu mabinti waliowabuni wanawafundisha kuona haya wakikutwa na riwaya mkononi. Sasa wewe uliyebeba maneno hayo tumboni unataka huyu wa khaki atolewe nje?

ABASIA: (baada ya kimya) Uzee, mwanangu. Mtu akishaitwa fasihi ya kale anasahau alikotoka. Mimi niliuzwa mwaka 1803 kwa pauni 10 kwa mchapishaji wa London. Akanitangaza, kisha akanitia kwenye droo. Miaka kumi na tatu! Mwaka 1816 kaka yake Jane akaenda kuninunua tena kwa pauni zile zile 10, na yule bwana akapokea pesa akiwa hajui kuwa mwenye mswada ndiye aliyeandika Pride and Prejudice. Nilitoka Desemba 1817, mwandishi wangu akiwa ameshazikwa tangu Julai.

KEMIA: Pole sana, Bibi. Kumbe na wewe umekaa gizani.

MWONGOZO: Historia hiyo haiko kwenye mtaala. Tuzungumze mambo ya msingi. Rosa, wewe nilikuchambua vizuri: dhamira ni malezi, ulevi, ukware na nafasi ya mwanamke. Mapenzi nimeyaweka dhamira ndogo ndogo, mstari mmoja.

ROSA: Umenichambua mpaka nimebaki mifupa. Mimi nina baba, Zakaria, mlevi wa Ukerewe, aliyempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Alimfungia kila dirisha, kisha akamruhusu kwenda shule ya bweni akiwa hajui hata jina la upepo. Yaliyomkuta huko mnayajua. Nilipotoka mwaka 1971, wakubwa wa elimu wakanifungia mlango wa shule. Wakaona mambo niliyoyasema hayafai masikio ya wanafunzi, wale wale wanafunzi yaliyokuwa yakiwapata.

KUFULI: Na sasa una muhuri.

ROSA: Nina muhuri. Neno hata moja halijabadilika humu ndani. Kilichobadilika ni wino wa nje.

MWONGOZO: Mimi sina ugomvi na vitabu. Ninachouliza ni hiki: huyu mtoto atafaulu kwa lipi? Anaruka kutoka kwa tajiri wa Kigiriki mpaka Ukerewe mpaka Bath ya Uingereza. Hana mpangilio. Hana muhtasari. Jana nimemsikia akicheka peke yake usiku, tochi ikiwa mdomoni.

KEMIA: Atafaulu kwa insha. Juzi mwalimu wa Kiingereza alimsifu darasani, akamuuliza maneno mazuri hivi umeyatoa kitabu gani. Akajibu: "Kemia, mwalimu."

(Kicheko. Kufuli anatikisika mpaka tranka linalia.)

KUFULI: Shhh! Kitanda cha juu wamegeuka.

MWONGOZO: Chekeni. Lakini huyo Kemia anamfundisha kwamba mwanamume akikushika mkono kwa nguvu na kukunja uso, basi anakupenda.

KEMIA: Hapo sina utetezi. Tajiri wangu anakunja uso kuanzia ukurasa wa nne.

MENDE: Utetezi ninao mimi. Kuna pale ambapo tajiri anamvuta binti wa watu mkono sitahani mwa meli. Huyu wetu alipopafika mara ya kwanza, muhula uliopita, aliandika pembeni kwa penseli "jamani!" na mioyo mitatu. Baadaye akamsoma Rosa. Baadaye akamsoma Bibi. Mwezi huu amerudia ukurasa ule ule, na chini ya mioyo ameandika: "Mbona hamuulizi anataka nini?" Mioyo hajaifuta.

ABASIA: Hajaifuta?

MENDE: Hajaifuta. Ameongeza swali tu.

ABASIA: Basi huyo amenisoma.

MWONGOZO: Swali hilo lina alama ngapi?

ROSA: Ndiyo maana hakuandika kwako, Mwalimu.

KUFULI: Jamani, saa zinakwenda. Kesho itakuwaje?

ABASIA: Mimi naweza kuwatabiria. Ndani yangu kuna kasha kama hili tulimo. Catherine analikuta chumbani kwake, kwenye nyumba ya Jenerali Tilney, na kwa jinsi alivyojaa hadithi za kutisha, moyo unamwenda mbio: humu lazima mna siri. Analifungua kwa mikono inayotetemeka. Mnajua anakuta nini?

KEMIA: Maiti?

ABASIA: Shuka la kitanda, limekunjwa vizuri. Usiku anapekua na kabati, anapata karatasi zilizoviringishwa. Mshumaa unazimika, usingizi unamkimbia mpaka usiku wa manane; asubuhi anazisoma. Kumbe ni hesabu za dobi. Mwishowe anafika kuamini kwamba Jenerali alimuua mkewe.

ROSA: Alimuua?

ABASIA: Hakumuua. Lakini Jenerali alipogundua binti si tajiri kama alivyodhani, alimfukuza nyumbani asubuhi na mapema, peke yake, safari ya maili sabini. Kwa hiyo binti alikosea kosa la yule mzee, ubaya wake hakuukosea. Sasa angalieni kesho nani atakuwa anatafuta maiti kwenye shuka.

(Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Kufuli ananing'inia wazi pembeni. Matroni amepiga magoti mbele ya tranka. Mwalimu wa zamu amesimama na daftari. Mwenye tranka amesimama wima, mikono nyuma.)

KUFULI: (kwa mnong'ono) Ameanza. Shuka. Analikung'uta. Hakuna kitu. Sabuni ya mche, anainusa. Kopo la sukari, analitikisa. Soksi, anaingiza mkono mpaka kwenye kidole gumba. Analirudia shuka.

ABASIA: Niliwaambia.

KUFULI: Mwongozo! Ameinuliwa.

MATRONI: Haya ndiyo mambo. Msichana mwenye malengo.

KUFULI: Sasa Kemia.

MATRONI: Kemia. Safi sana, taifa linahitaji wanasayansi. (Anaweka juu ya Mwongozo bila kufungua.)

KEMIA: (chini ya pumzi) Asante, khaki.

KUFULI: Rosa.

MWALIMU WA ZAMU: Hiki nacho?

MATRONI: Kina muhuri wa maktaba. Kiko sawa.

KUFULI: Bibi... Bibi, amekushika wewe. Anatazama jalada. Anatazama mabega. Anakigeuza nyuma, anarudi mbele, anatazama mabega tena.

MATRONI: Na hiki ni nini?

MWENYE TRANKA: Ni riwaya ya zamani, matroni. Ya Jane Austen. Ya mwaka 1817.

MATRONI: Kwa hiyo uchafu huu mmeuanza tangu 1817! Mwalimu, andika: kitabu kimoja cha mapenzi, mabega wazi.

MWALIMU WA ZAMU: Jina la kitabu?

MATRONI: Mabega wazi yatosha.

ABASIA: (akibebwa kwapani) Kwaheri, wajukuu zangu. Safari hii ombeni isiwe droo ya miaka kumi na tatu.

(Jioni, baada ya vipindi.)

ROSA: Tranka limepwaya. Aliyeandikwa na binti wa mchungaji ndiye amekamatwa kwa uasherati.

MENDE: Na wewe uliyefukuzwa shule, umepita kwa wino. Na huyu mwenye mahaba ameteuliwa kuwa mwanasayansi. Katika wale wawili, hakuna aliyefungua ukurasa hata mmoja. Mimi nisiyejua a wala be nimefungua zaidi.

KUFULI: Kimya, anakuja mwenyewe. Ana kitu ndani ya sweta.

(Tranka linafunguliwa. Kitabu kinene kinaingia, jalada limetolewa, uzi wa mgongoni unaonekana.)

MGENI: Hodi. Mimi ni Jane Eyre. Nimeazimwa kutoka Kidato cha Nne kwa mabadilishano ya sukari. Nimeambiwa natakiwa Jumapili.

KEMIA: Karibu, shangazi. Umekuja na kurasa zangu za mwisho?

JANE EYRE: Nimekuja nazo, ziko katikati yangu. Hongera, mliolewa.

MWONGOZO: Huyu mtoto hakomi! Amenyang'anywa kimoja, analeta kingine kikubwa mara mbili. Matroni akija... Eh! Binti, unafanya nini? Mbona unanishika jalada? Taratibu! Hilo ni jalada langu!

KUFULI: Analichomoa kwa wembe, polepole, halichaniki. Ana mkono mzuri.

MWONGOZO: Jamani, anamvisha mgeni! Jina langu linasomeka juu yake!

JANE EYRE: Limenikaa vizuri. Msione ajabu. Charlotte Brontë alinitoa mwaka 1847 kwa jina la bandia, Currer Bell. Kutembea kwa jina la mtu nimezoea tangu kuzaliwa.

MWONGOZO: Na mimi je? Mnaniacha hivi hivi, kurasa nje?

MENDE: Jifunike na shuka, Mwalimu, haraka. Matroni akikukuta bila jalada atadhani wewe ndiye riwaya.