Mkongojo wa Bunduki

“Kumbe bunduki nayo imezeeka, mmeipa mkongojo?”

Mzee wa sungusungu alilitamka hilo mbele ya duka la spea hapa Songwa, na vijana wa bodaboda waliokuwa wakifungiwa cheni wakaangua kicheko. Silaha ya mzee mwenyewe ni upinde. Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakawatoa jasho wezi wa ng’ombe, na sijasikia upinde uliofungwa mguu wa nyuma.

Nami nilibeba mbao ya bunduki tu. Mtutu baba mkubwa aliufungia kabatini; sheria ya silaha ya 2015 anaijua kuliko majina ya wajukuu zake. Kazi yangu ilikuwa kufunga chini ya kitako kile kiguu cha chuma alicholetewa kutoka Marekani.

Na kiguu chenyewe, jamani, kina akili! Bunduki ya darubini hulazwa mbele juu ya miguu miwili, lakini ubishi wote uko nyuma. Chukulia toka miguu ya mbele hadi kitakoni ni sentimita 70. Kitako kikipanda milimita moja, basi umbali wa mita 100 risasi imeshuka sentimita 14 hivi. Pumzi yako tu inatosha kuharibu. Wengine huweka kifuko cha mchanga na kukiminya: ukiminya kitako kinapanda, ukilegeza kinashuka. Lakini mbao nyingi za bunduki chini zimekatwa mshazari, kwa hiyo bunduki ikirudi nyuma kwa kishindo, kimo kinabadilika. Kiguu unakizungusha kwa vidole, unywele kwa unywele, kisha unakiacha kibebe mzigo. Ningeweza kukizungusha mchana kutwa.

Tatizo ni bolti. Kinataka ya robo inchi, yaani milimita 6.35. Dukani kuna ya milimita 6, ile ya spana namba 10: inaingia inachezacheza, halafu inang’ang’ania, haiendi mbele wala hairudi. Ya milimita 8 haiingii kabisa.

“Ya inchi kaulize mgodini,” muuzaji akasema.

Hapo utani ukaniisha. Kwa jirani zetu Mwadui, penye mgodi huo, mwaka 1947, ilitoka almasi ya pinki ya karati 54.5, ikaenda kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ardhi hii imetoa vito kwa miaka yote hiyo, na mtu wa Songwa aombe bolti moja getini!

Nikarudi nyumbani bila bolti. Nilipoanza kutoboa tundu jipya, umeme ukakatika. Nikajaribu gundi, nayo ikalambwa na mbuzi.

Na fisi anayewindwa kwa bunduki hii, kwa taarifa yenu, huingia zizini, hatua 20 kutoka mlangoni kwa baba mkubwa. Kiguu kiko mezani, na mama mkubwa ameshakiomba kwa ajili ya antena ya televisheni.