Watu Umewapeleka Wapi?

Jumamosi moja jioni nilikalishwa juu ya dumu tupu la mafuta ya kupikia, mbele ya wanafunzi wangu, nikaulizwa watu nimewapeleka wapi. Tangu siku hiyo, nikipita kwenye kona ile, mama muuza makala, yaani makaa, ananiita "Mwalimu wa mizimu", tena kwa sauti inayowafikia hata wanaoshuka kwenye basi upande wa pili.

Tulikuwa kando ya barabara, katika komini ya Lubumbashi, pale ambapo ukiupa mgongo ukuta wa duka la simu unaviona pamoja vitu viwili ambavyo mji huu umejitambulisha navyo tangu babu zetu: shemine, yaani bomba la moshi la tanuru la shaba, na kilima cheusi. Shemine inapita mita 150 kwenda juu. Kilima ni mavi ya shaba ya tanuru lililowashwa mwaka 1911, wakati mji wenyewe una umri wa mwaka mmoja na bado unaitwa Élisabethville. Somo la siku hiyo lilikuwa mandhari. Kwa asiyejua, mandhari ni ile picha ambayo mteja akiiona anauliza shangazi yake amekatwa wapi.

Nilikuwa nimeshasimamisha kamera juu ya stendi ya miguu mitatu na kufunga kioo cheusi mbele ya lenzi. Hapa niruhusiwe kueleza, maana jambo hili nimelifundisha mara nyingi na bado linanikosesha usingizi kwa raha.

Kamera ina pazia. Ukibonyeza, pazia linafunguka na kujifunga kabla hujapepesa jicho, sehemu ya mia mbili ya sekunde kwa mfano, na chochote kilichokuwa kinapita kinanaswa: mbwa mguu juu, dereva wa basi mdomo wazi. Sasa jaribu kuliacha pazia wazi kwa dakika mbili. Mwanga unaingia bila kipimo, picha inatoka nyeupe kama bukari, yaani ugali, huoni kilima wala shemine. Dawa yake ni kioo cheusi, kinachopitisha takriban sehemu moja tu kati ya elfu ya mwanga. Jioni ile, bila kioo, kamera ilitaka sehemu ya nane ya sekunde. Zidisha kwa elfu moja: sekunde 125. Dakika mbili na ushee, pazia liko wazi, nawe umekunja mikono na huna la kufanya.

Utamu uko ndani ya dakika hizo. Kila kitu mbele ya lenzi kinaandika mwanga wake kwa muda kiliokaa mahali pake. Shemine haiendi popote, inaandika dakika zote mbili. Mtu anayepita anaandika robo ya sekunde hapa, robo pale, kisha ukuta aliouziba unaendelea kuandika habari zake mpaka za mpita njia zinafunikwa. Mwisho wa yote barabara iliyojaa watu inatoka tupu. Hakuna aliyefutwa na mtu. Hawakukaa vya kutosha, basi. Daguerre alilikuta jambo hili Paris mwaka 1838, alipopiga picha ya Boulevard du Temple kutoka dirishani: mtaa wa pilikapilika, farasi na magari, na kwenye picha hakuna kitu. Anaonekana vizuri bwana mmoja tu, kwa sababu alikuwa amesimama mguu juu ya kiboksi akisafishwa viatu. Wengi humhesabu kuwa mtu wa kwanza kuonekana kwenye picha duniani, na aliingia humo kwa sababu viatu vyake vilikuwa vichafu.

Hadithi hiyo ndiyo niliyokuwa naimalizia wakati pazia linajifunga. Nikageuka niwaonyeshe wanafunzi matokeo, nikakuta kati yao na mimi kuna bwana wa makamo, shati la mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni, ndara miguuni. Akasema yeye ni wa serivisi. Serivisi gani, hakusema, na sikuona faida ya kuuliza.

"Unapiga foto ya nini?"

"Ya mandhari, shefu."

"Mandhari njo nani?"

Nikamwonyesha kilima. Akakitazama kama anayekutana nacho kwa mara ya kwanza, kisha akaikodolea macho ile miguu mitatu. Katika Katanga miguu mitatu haimletei mtu heri. Anayetembea nayo kwa kawaida ni jeometre, mpima ardhi, na jeometre akishafunga kazi yake vijiti vinapigwa, kuta zinachorwa alama nyekundu, na ukoo mzima unatafuta pa kuhamia. Watu wakaanza kujaa. Mzee mmoja aliniomba kwa upole kwamba kama napima, nisiusahau mwembe wake, maana miti nayo inalipwa.

"Fungua tuone," akasema bwana wa ndara.

Nikafungua. Akaishika kamera kwa mikono miwili, akanyamaza sana.

"Ile njia njo hii?"

"Ndiyo, shefu."

"Mi niko hapa tangu saa kumi. Bantu banapita, basi zinapita, pikipiki zinapita. Kwa foto yako hakuna hata muntu mumoja. Bantu umebapeleka wapi?"

Mwanafunzi wangu hodari kuliko wote, binti wa komini ya Katuba ambaye siku za usoni atanipokonya wateja, akajitolea kueleza. Akaeleza vizuri kuliko mimi: pazia, kioo, sekunde 125, Paris, viatu. Hakukosea hata tarakimu. Umati ukamsikiliza kwa heshima zote, ukaondoka na jambo moja: mwalimu ana kioo kinachomeza watu. Bwana wa ndara akakichukua kioo, akakiweka jichoni, akatangaza kwamba hakioni kitu, na kwamba kioo kisichoona kitu ni kioo cha kazi gani.

Hapo mama wa makala akasukuma watu, akataka kujua kama yeye yumo. Alikuwemo. Matatizo yakaanzia hapo. Kwa dakika zote mbili alikuwa amekaa kwenye kigoda chake pasipo kuinuka, kwa hiyo kitenge kilitoka safi, ua kwa ua. Lakini mikono ilikuwa ikipepea jiko, na kichwa kilikuwa kikigeuka huku na huku akibishana na jirani bei ya gunia. Kwenye kioo cha kamera tuliona kitenge kimekaa, mikono haipo, na juu ya mabega ukungu mwepesi.

"Kichwa yangu iko wapi?"

Mimi ni mtu mzima, nimefundisha vijana wengi, na sikuwa na jibu. Wanafunzi waliinamisha nyuso. Mmoja alikuwa anacheka kwa mgongo.

Nilidhani hayo ndiyo mabaya kuliko yote, mpaka bwana wa ndara alipobonyeza kitufe cha kukuza picha na kuanza kuipekua kipande kwa kipande. Kwenye ukingo wa kushoto, ameegemea nguzo ya umeme, kalamu mbili mfukoni, uso umetulia, hakutikisika hata unywele, alikuwa yeye. Katika barabara nzima ni yeye peke yake aliyetoka kamili. Alikuwa akituchunguza, na anayechunguza hasogei. Ungemtafuta mtu wa kumwonyesha Daguerre usingepata bora kuliko yeye.

"Kumbe ni mimi njo unanifuata," akasema. Dumu likaletwa.

Ya ofisini sitayarefusha. Palikuwa na meza, feni iliyosimama, na mkubwa aliyeitazama picha kwa muda mrefu, akakiri ni nzuri, akaamuru ifutwe. Kisha akatoka nje, akafunga kifungo cha koti, akaomba apigwe yeye na shemine ikiwa nyuma. Nikampiga. Akataka tena, bila miwani. Baadaye ikaja hesabu ya "kufungua faili", ambayo haina risiti kwa sababu faili lenyewe, kwa huruma yake, halikufunguliwa. Katika maisha yangu ya kazi nimedhulumiwa na wateja wa kila namna, ila kumlipa mteja ili nimpige picha, hiyo ni mpya.

Mikasa mingine ya kazi hii haifiki hapo. Maporomoko ya Lofoi, yanayoanguka zaidi ya mita 300 katika hifadhi ya Kundelungu, yana tabia yao: maji yakiwa mengi njia haipitiki, njia ikipitika maji yamepungua. Mbuzi wa Kamalondo alikula mkanda wa kamera. Bibi harusi mmoja, mbele ya Posta, alinikataza kupiga jakaranda zilizochanua kwa sababu zilikuwa zinamzidi rangi.

Nasimulia kwa kucheka, lakini usiku ule wa dumu nililala na swali la yule bwana, na kadiri nilivyoligeuza ndivyo nilivyoona ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani. Watu mmewapeleka wapi? Kosa lake ni kuniuliza mimi. Mwaka 1898 Charles Lemaire aliingia Katanga na msafara wake, akiwa na mchoraji Léon Dardenne na mpiga picha François Michel, wakazunguka na kupiga walichotaka mpaka mwaka 1900, na wenyeji hawakuwa na pa kuwadai karatasi. Picha zao zilikwenda Ubelgiji. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waligoma hapa hapa mjini wakidai mishahara, wakapigwa risasi uwanjani. Watu hao nao tafuta kama utawaona kwenye kadi za posta za zamani: utaona shemine, reli, maua, barabara zilizofagiwa.

Mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu, alilishika swali hilo kutoka upande wa pili. Katika kazi yake *Mémoire* ya mwaka 2006 aliwatoa watu kwenye picha za kikoloni za kumbukumbu, vibarua, wafungwa, mabwana wakubwa, akawasimamisha ndani ya karakana zilizochakaa za kampuni ya madini ya Gécamines jinsi alivyozikuta yeye. Mimi nawatoa watu kwa kioo, yeye anawarudisha kwa mkasi. Miaka miwili baadaye, yeye na wenzake wakaanzisha mikutano ya Picha, iliyokua ikawa Biennale ya Lubumbashi. Kwa hiyo tuna mji unaowaalika watu kutoka ng'ambo waje kutazama picha, na kijana wa Katuba akitoa kamera kwenye begi anatazamwa kama ametoa bastola.

Na kilima chenyewe? Hakipo tena kama baba yangu alivyokijua. Tangu miaka ya 2000 kinachimbwa na kuchakatwa upya, kwa sababu wazee wetu walitupa humo kobalti, zinki na jemaniamu. Jemaniamu ni madini yanayotengenezewa lenzi za kamera za joto, zile zinazoona gizani. Kobalti huingia kwenye betri nyingi za kamera na simu. Maana yake kilima kinaruhusiwa kuondoka, kwa malori, kwenda kuwa kamera kwa watu wengine. Anayekatazwa ni aliyezaliwa chini yake kukipiga picha kabla hakijaisha. Setilaiti inakipiga kila ikipita, mchana kweupe, na hakuna anayeipelekea dumu.

Siku hizi wanafunzi wangu wamejitungia kinga. Kila picha ya mandhari ina mtu mbele: binamu, jirani, mama mkwe amesimama wima mkoba mkononi, na nyuma yake, kwa bahati tu, shemine. Ukiulizwa, unapiga familia. Kazi za muhula huu nimezisahihisha hivyo. Mwanga mzuri, mistari mizuri, na katikati ya kila moja shangazi amekunja uso kwa sababu ya jua. Nimewapa alama za juu na roho inaniuma, kwa sababu wapo vijana humo ambao jicho lao lingeweza kutuachia sura ya nchi hii jinsi ilivyo sasa, na badala yake wanajifunza kujificha nyuma ya ndugu zao.

Ombi langu kwa wakubwa ni dogo. Kama kuna vitu vya mji huu ambavyo haviruhusiwi kupigwa picha, viandikwe. Orodha moja, ibandikwe pale Posta: majengo haya hapana, daraja lile hapana, kilima ndiyo au hapana. Kama ruhusa inahitajika, liandikwe jina la ofisi inayoitoa, siku na saa inapofunguliwa. Na kama kuna bei, bei iandikwe kwa tarakimu, ilipwe dirishani, na risiti itolewe. Nitaifundisha orodha hiyo katika somo la kwanza, kabla ya pazia na kabla ya kioo.